Kivuli Hadi Kivuli: Mwongozo wa Kutembea Nyika ya Dodoma na Kondoa Pamoja na Watoto

Anayepanga matembezi ya familia huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Nyikani swali hilo halimsaidii sana. Kilomita nne za njia tambarare kati ya Dodoma na Kondoa, saa moja asubuhi ya mwezi wa Julai, mtoto wa miaka sita huzimaliza akiimba. Kilomita hizo hizo, saa nane mchana wa Oktoba, zinaweza kumlaza baba yake. Njia ni ile ile na mlima hakuna. Kilichopungua ni kivuli.

Ndiyo maana mwongozo huu unashika kanuni moja: safari ya nyikani hupangwa kwa vivuli. Unatoka kivuli hiki kwenda kile, unajua saa ya kufika kila kimoja, na unajua kabla ya kuondoka ni kivuli gani utakachofika ukageuka. Ukishika hilo, nchi hii kavu ya katikati ya Tanzania, yenye mibuyu, migunga na vilima vya mawe, inawafaa watoto kuliko milima mingi yenye majina makubwa. Haina miinuko mirefu ya kukata pumzi, mtu anaona mbali, na kila baada ya hatua chache kuna kitu cha kuchungulia.

Chagua mwezi

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hupata kati ya milimita 500 na 600 tu. Miezi iliyobaki ni mikavu, ila ukavu wake haulingani.

Mei nchi bado ina kijani, lakini nyasi zimefika kiunoni mwa mtu mzima, maana yake zinampita mtoto kichwani. Njia zimefichika na kupe ni wengi. Nenda kwenye barabara pana za magari na uache vijia.

Juni na Julai ndiyo miezi ya familia. Mchana joto huwa nyuzi 26 au 27, na usiku hushuka hadi 13 au 14. Watoto watatetemeka asubuhi, kwa hiyo wavae sweta wanayoweza kuivua na kuifunga kiunoni ifikapo saa tatu.

Agosti na Septemba nyasi zimekwisha, unaona mbali, na zabibu za Dodoma ziko sokoni. Tatizo ni upepo na vumbi. Mtoto mwenye pumu aahirishe au atembee alfajiri kabla upepo haujaamka.

Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30. Matembezi yaishe saa tatu na nusu asubuhi. Anayeweza kuamka mapema atafaidi, kwa sababu mibuyu huanza kuvaa majani mapya kabla hata ya mvua.

Desemba hadi Aprili nchi inapendeza sana, lakini udongo mweusi wa mbugani hunasa viatu na magari, na makorongo hujaa ghafla. Kipindi hicho baki kwenye vilima vya mawe, na uangalie mawingu.

Chagua saa

Mwezi wa Juni jua la Dodoma huchomoza karibu saa 12:40 asubuhi. Novemba huchomoza kama nusu saa mapema zaidi. Linakuwa juu kabisa karibu saa 6:30 mchana, lakini joto huendelea kupanda hadi alasiri. Ratiba inayofaa watoto ni hii: mguu njiani saa 1:00, kivuli kikubwa cha kupumzika na kula saa 3:00, kurudi kwenye gari au nyumbani kabla ya saa 5:00.

Wapo wanaopenda jioni, kuanzia saa kumi. Kwa watu wazima ni sawa. Kwa watoto ina dosari moja: giza la huku huingia haraka, na mtoto aliyechoka saa kumi na mbili hana akiba ya muda wa kupumzika.

Kuna jambo wengi hulisahau. Katika safari ya asubuhi, kurudi ni kwa jua kali kuliko kwenda. Ukitumia nusu ya maji na nusu ya nguvu kwenda, nusu iliyobaki haitatosha. Tumia theluthi moja kwenda. Theluthi ya pili ni ya kurudi, na ya tatu ni ya mtoto atakayejikwaa, atakayekataa kutembea, au mwiba utakaochukua dakika ishirini kuutoa.

Hesabu vivuli kabla ya kuondoka

Fungua ramani ya picha za setilaiti kwenye simu ukiwa bado mjini, uihifadhi, maana mtandao nyikani ni wa kubahatisha. Mti mkubwa wenye majani huonekana kama nukta nyeusi. Fuata njia unayotaka kwa kidole na uhesabu nukta hizo. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, kutoka kivuli kimoja hadi kingine kusizidi dakika 20 za mwendo wake. Kwa wa miaka 7 hadi 12, dakika 40 zinavumilika. Sehemu isiyo na nukta kwa saa nzima, iache hata kama njia yake ni nzuri.

Vivuli vyenyewe havifanani:

*Mkwaju* ni mfalme. Majani yake ni madogo lakini yamesongamana, na matawi yameinama hadi karibu na ardhi. Familia nzima hukaa chini yake, na ukwaju wenyewe huwapa watoto kazi ya kumumunya.

*Mkuyu* huota kando ya mito ya mchanga. Kivuli chake ni kipana na baridi. Kaa upande wa ukingo wa juu, usikae mtoni.

*Mgunga* una kivuli cha wavu: jua hupenya lakini makali yake yamevunjwa. Unatosha kwa mapumziko ya dakika kumi. Fagia chini kwa tawi kabla ya mtu kuketi, kwa sababu miiba iliyoanguka hulala ikitazama juu.

*Mbuyu* huwahadaa wageni. Kiangazi hauna majani, kwa hiyo kivuli chake ni cha shina peke yake, nacho huhama. Asubuhi kipo upande wa magharibi. Ikifika saa sita kimekwisha. Lakini shina la mbuyu mkubwa saa tatu asubuhi linaficha familia ya watu sita bila shida.

*Mwamba* ulioinama ni kivuli cha uhakika kuliko mti wowote. Ukuta unaotazama magharibi una kivuli asubuhi nzima. Unaotazama mashariki hupata kivuli mchana. Kabla ya kuingia, simama hatua kumi nje na usikilize kama kuna nyuki.

Maji na chakula

Kwa matembezi ya saa tatu hadi nne, mtu mzima abebe lita tatu, mtoto wa shule ya msingi atengewe lita moja na nusu, mdogo zaidi lita moja. Kila mtoto abebe chupa yake ya nusu lita, akiimaliza ajaziwe na wazazi. Dumu la lita kumi libaki kwenye gari. Usitegemee kisima wala lambo njiani: maji hayo ni ya mifugo na ya wenyeji, na si salama kuyanywa bila kuchemshwa.

Usisubiri mtoto aseme ana kiu. Kila dakika 20 simamisha msafara, kila mtu apige mafunda kadhaa, wewe ukiwa wa kwanza. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, mtoto hajanywa vya kutosha. Mama anayenyonyesha anywe zaidi na anyonyeshe mara nyingi zaidi. Igandishe chupa moja usiku; saa nne asubuhi maji yake ya baridi yatakuwa na thamani kuliko soda.

Beba pakiti mbili za ORS, yaani dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Kila pakiti huchanganywa na lita moja ya maji safi. Ukizisahau, mchanganyiko wa nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono, kisichoyeyuka wala kuchacha: karanga, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, chapati, machungwa, zabibu, na ubuyu wa kumumunya. Ubuyu mpe mtoto mwenye maji mkononi, kwa sababu hukausha kinywa. Tia vyote kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa; mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na nyikani upepo haubakizi takataka mahali pamoja. Maganda ya mayai na machungwa yarudi nyumbani pia.

Miguuni na mwilini

Miiba ndiyo hutawala nyika, na viatu ndivyo huamua kama siku itakuwa njema. Raba nyepesi za soli laini hupenywa na mwiba wa mgunga kama mkate. Tafuta viatu vya soli ngumu vilivyofunika vidole. Makatambuga ya tairi huwafaa wenyeji kwa sababu mwiba hauwezi kupenya tairi, lakini mguu wa mtoto wa mjini utachunwa na kamba zake na kuchomwa pembeni na mbigili. Kama kiatu ni kipya, kivaliwe nyumbani wiki nzima kabla.

Soksi ziwe ndefu na suruali ichomekwe ndani yake, hasa Mei na Juni, kuzuia kupe na upupu. Shati liwe la mikono mirefu, la pamba, la rangi ya kuonekana kwa mbali kama manjano au rangi ya chungwa. Epuka buluu iliyokolea na nyeusi, maana huvuta mbung'o. Kofia iwe na ukingo wa kuzunguka pande zote ili shingo nayo isiungue. Mtoto mwenye ualbino anahitaji pia mafuta ya kujikinga na jua, miwani ya jua na mikono iliyofunikwa kabisa, na safari yake iishe saa tatu.

Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko, kanga nyepesi ifunike kichwa bila kuziba pua. Mgongo wa mama na kifua cha mtoto hupashana joto, kwa hiyo kila kivuli mtoto afunguliwe apigwe na upepo.

Mfuko wa kiongozi

Weka kibanio cha kutolea miiba, sindano, kiberiti cha kuichomea sindano hiyo, dawa ya kuoshea vidonda, bandeji pana mbili, ORS, dawa ya mzio, tochi, simu iliyochajiwa na betri ya akiba, kanga mbili na kamba ya mita tano. Kanga hutandikwa, hufunika jua, hufunga mkono uliovunjika na hubeba mtoto aliyelala. Kila mtoto avae filimbi shingoni.

Kabla ya kuondoka, mwambie mtu mmoja asiye kwenye safari mnakokwenda na saa ya kurudi. Kama saa hiyo itapita bila habari, ajue ampigie nani. Namba ya dharura ni 112, lakini minara haifiki kila bonde. Kilima kidogo mara nyingi huleta mtandao.

Mwendo ni wa mdogo wao

Mtoto wa miaka mitano au sita huweza kilomita tatu hadi nne zenye vituo. Wa miaka kumi huweza saba au nane. Mdogo wao ndiye atembee mbele na kuweka mwendo. Mtu mzima mmoja awe mbele pamoja naye, mwingine wa mwisho kabisa. Hakuna anayebaki nyuma ya huyo wa mwisho, hata kwa kujisaidia. Nyikani watoto wengi hupotea kwa njia hiyo: anaingia nyuma ya kichaka, anageuka, na vichaka vyote vinafanana.

Fundisha kanuni ya kupotea kabla ya kushuka garini. Ukiona hatupo, simama hapo hapo, kaa chini ya mti ulio karibu, puliza filimbi mara tatu, subiri, puliza tena. Usitembee kututafuta. Ifanyieni mazoezi mara moja kama mchezo.

Watu wazima nao hupotea, na mara nyingi chanzo ni njia za ng'ombe. Zinaonekana kama njia za watu: zimekanyagwa, ni safi, zinajigawa kila baada ya muda. Ukizifuata bila kuangalia utajikuta mbali na ulikokusudia. Ila zina faida moja: upande ambako njia nyingi zinakutana kuwa moja ndiko kwenye lambo au boma, na huko kuna watu.

Ili mtoto asiulize kila dakika tutafika lini, mpe kazi ya macho. Kwenye mchanga laini chini ya miti tafuteni vishimo vidogo vyenye umbo la faneli. Dondosha chembe moja ya mchanga ukingoni: chini kabisa kuna mdudu aliyejizika, naye atarusha mchanga juu akidhani sisimizi amenasa. Kwenye udongo mweusi kuna migunga mifupi yenye vinundu vyeusi kwenye miiba, vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ukipita kwenye matundu husikika mluzi. Watoto wasikilize bila kutikisa, kwa sababu wenye nyumba hutoka wakiwa na hasira. Kwenye mawe, michirizi myeupe iliyokauka ni mkojo wa pimbi. Mkinyamaza dakika tano, pimbi wenyewe hutoka kuota jua. Kwenye mashina ya mibuyu angalieni vigingi vilivyopigiliwa kupanda juu: ni ngazi ya warina asali. Na asubuhi, kabla ng'ombe hawajapita, njia ni gazeti la usiku: nyayo za kanga, za digidigi, na mara moja moja za fisi.

Hatari na namna ya kuziepuka

*Jua.* Mtoto aliyeanza kulalamika kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu hapelekwi hatua moja zaidi. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mlowanishe, mpepee, mnyweshe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa, akizimia, au ngozi ikiwa moto sana, hiyo ni dharura: endelea kumpoza huku mkimwahisha hospitali, na usimnyweshe kitu asiyejitambua.

*Nyuki.* Huweza kumuua mtu asiyewategemea. Hukaa kwenye matundu ya mibuyu na kwenye nyufa za miamba. Hakuna kupiga kelele, kurusha mawe wala kuwasha moto karibu na miamba. Wakishambulia, kimbieni mbali, mkifunika uso wa mtoto kwa kanga, bila kusimama kuwapiga. Miiba ikwanguliwe haraka kwa kucha. Anayevimba uso au kushindwa kupumua apelekwe hospitali papo hapo.

*Nyoka na nge.* Kifutu hujilaza njiani bila kusogea, akifanana na majani makavu. Wengi huumwa kwa kumkanyaga. Tembea katikati ya njia, usiweke mkono usipoona, usipindue mawe. Aliyeumwa atulie, kiungo kisitikiswe, pete na viatu vivuliwe, abebwe hadi hospitali. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Kwa wanaotembea upande wa Kolo, kwenye michoro ya miambani inayoelezwa hapo chini, hospitali ya kukimbilia iko Kondoa mjini.

*Mafuriko ya ghafla.* Mito ya Dodoma na Kondoa ni mchanga mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na watoto huona ni uwanja wa kuchezea. Mvua inaweza kunyesha milimani mkiwa juani na maji yakafika bila wingu hata moja juu yenu. Septemba 2019, watu saba waliokuwa wakitembea kwenye korongo la hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya walisombwa na kufa namna hiyo. Msimu wa mvua, vuka korongo bila kusimama, na usitandike kanga humo hata kama ndimo mlimo na kivuli kizuri.

*Wanyama wakubwa.* Nje ya hifadhi ni nadra kuwaona, lakini tembo hutoka na kutembea vijijini, hasa karibu na Pori la Akiba la Swagaswaga. Uliza kijijini siku hiyo hiyo. Ukiambiwa tembo wamepita jana, safari ihamie upande mwingine.

Safari ya siku nzima: michoro ya Kolo

Baada ya matembezi mawili matatu ya karibu na nyumbani, mko tayari kwa Kolo. Kijiji kiko kati ya Kondoa na Babati, takriban kilomita 180 kaskazini mwa jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu ya lami. Toka Dodoma saa tisa za usiku, watoto walale garini. Au lala Kondoa mjini na uamke kwa utulivu, jambo lililo bora kwa wenye watoto wadogo.

Anzia ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo. Hapo hulipwa kiingilio na kupewa mwongozaji, ambaye huwezi kwenda bila yeye. Kutoka kijijini hadi chini ya vilima ni mwendo wa gari kwenye njia ya vumbi na mchanga. Gari dogo la chini litakwama. Kisha ni kupanda kwa miguu: kufupi, ila kwenye mawe na kuna mwinuko. Mtoto wa miaka sita hupanda mwenyewe akishikwa mkono, wa chini ya hapo abebwe.

Mtakachokuta juu ni miamba iliyoinama mbele kama paa, na chini ya paa hilo ukuta uliochorwa. Wachoraji walifanya lile ambalo mwongozo huu unahimiza: walichagua kivuli. Michoro ya kale zaidi ni ya rangi nyekundu: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye nywele au vilemba vikubwa. Watafiti huihusisha na wawindaji wa kale, na wengi huitazama kwa kuilinganisha na utamaduni wa Wasandawe, ambao hadi leo wanaishi katika eneo hili na lugha yao ina sauti za kubofya. Michoro myeupe, mizito na isiyo na ustadi uleule, ilikuja baadaye. Mwaka 2006 UNESCO iliingiza eneo hili, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, katika orodha ya urithi wa dunia.

Waonyeshe watoto kundi moja maarufu la watu watano: wawili upande huu, wawili upande ule, na mmoja katikati anayeonekana kuvutwa. Mary Leakey, aliyefika Kondoa kunakili michoro mwaka 1951 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1983, aliona ni mwanamke anayetekwa. Wengine wameona ngoma au tambiko. Usiwape watoto jibu. Wape daftari na penseli, kila mmoja anakili alichokiona kisha aeleze ni nini kinatokea. Atakayechora kwa dakika kumi ataona vidole na mikunjo ambayo mwenye simu hataiona.

Masharti ni machache na hayana mjadala. Hakuna kugusa ukuta. Hakuna kuuegemea. Hakuna kurushia maji ili rangi zing'ae, tabia iliyoharibu michoro mingi duniani. Mwanga wa kamera uzimwe. Na mkikuta chungu, majivu au dalili za tambiko, msiguse: sehemu inayoitwa Mungomi wa Kolo bado hutumiwa na wenyeji kwa uganga na kuombea mvua. Mwongozaji akisema leo hapapitiki, hapapitiki.

Wakati wa kushuka, simameni mtazame nchi yenyewe. Kondoa ilijulikana kwa makorongo mekundu yaliyokatwa na maji baada ya miti kuisha na mifugo kuzidi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji walilipia kwa kuhama na ng'ombe wao. Nyasi na vichaka vikarudi. Watoto watafute kwenye kingo za korongo mizizi iliyoachwa ikining'inia hewani. Kimo kutoka mzizi hadi chini ni udongo uliokwenda.

Ardhi ina wenyewe

Nje ya maeneo ya urithi na hifadhi, karibu kila njia utakayopita ni ya kijiji au mtaa fulani. Pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, piga hodi, jieleze. Vilima vingi vya karibu na jiji vina minara ya mawasiliano au vimepakana na maeneo ya serikali na jeshi. Uliza kabla ya kupanda, na usipige picha za majengo hayo. Watoto wamwamkie kila mtu mzima wanayekutana naye: shikamoo yafaa kila mahali, na Ugogoni mbukwenyi itawapatia tabasamu na mara nyingi maelezo ya njia iliyo bora kuliko ramani yako. Msikate shamba hata kama limevunwa. Mkikutana na kundi la ng'ombe, pandeni pembeni, upande wa juu, mpishe. Moto hauwashwi njiani. Nyama choma ingoje mjini.

Mkirudi

Kabla ya kuingia garini, kila mtu akung'ute viatu na soksi. Nyumbani mkague watoto kupe kwapani, nyuma ya masikio, kwenye kinena na nyweleni. Kupe avutwe taratibu kwa kibanio kilichoshika karibu na ngozi, bila kumchoma moto wala kumpaka mafuta. Miiba midogo iliyobaki hutoka kwa urahisi baada ya miguu kulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mtoto akipata homa ndani ya wiki mbili, mwambie daktari kwamba mlikuwa porini.

Kisha andika mambo matatu wakati bado mnakumbuka: maji yaliyobaki kwa kila mtu, saa mliyofika kila kivuli, na mahali ambapo mdogo wao alianza kukataa. Safari ijayo ipange iishie kivuli kimoja kabla ya hapo, na umwache mkubwa wao achague njia.